Nguvu za gorila na kitoweo cha machimboni

Malori yanayopakia mzigo bandari kavu ya Isaka hupita hapa Kahama yakielekea Rusumo hadi Kigali. Kutoka Kigali ni mwendo wa saa mbili hivi kufika Musanze, chini ya milima ya volkano wanakoishi gorila. Gorila si jirani wa mbali, lakini vijiweni anasimuliwa kama jini: ana nguvu za watu kumi, anang'oa miti.

Tuanze na kilo. Dume aliyekomaa wa milimani ana kilo 160 hadi 200 hivi, yaani kama magunia mawili ya mchele wa Kahama yaliyoota miguu. Binamu yake wa mashariki ya Kongo, gorila wa Grauer, ndiye mkubwa kuliko wote. Jike ni kama nusu ya dume. Kwa urefu dume hamzidi sana mwanamume wa kawaida. Kinachotisha ni upana. Utosini ana tuta la mfupa linaloshikilia misuli ya taya, maana kutwa nzima anatafuna mashina, magome na mianzi.

Hizo nguvu za watu kumi hakuna aliyezipima, na sijui nani angejitolea kushika upande wa pili wa kamba. Kipimo cha karibu ni cha sokwemtu: utafiti wa mwaka 2017 ulikuta misuli yake ina nguvu mara 1.35 ya misuli yetu ya uzito uleule. Gorila, hata angekuwa na misuli kama ya binadamu tu, anayo tele mabegani na mikononi.

Ila nguvu hizo hutumika zaidi kutishia. Mtafiti George Schaller, aliyewafuatilia kwenye milima ya Virunga mwaka 1959 na 1960, alieleza hatua za vitisho hivyo. Dume huanza na mlio unaozidi kwenda kasi, pengine anachuma jani na kulitia mdomoni, anasimama, anarusha majani, anapiga kifua kwa viganja, si kwa ngumi kama kwenye sinema, kisha anakimbia upande na kuipiga ardhi kofi. Mwaka 2021 watafiti waliorekodi midundo hiyo Rwanda walionyesha kuwa dume mwenye mwili mkubwa hutoa mdundo mzito zaidi. Mpinzani husikia akiwa mbali na kupima kama inafaa kusogea. Wakikamatana kweli, chonge zao huua.

Mwenye bunduki hatishwi na mdundo. Katikati ya miaka ya 1990 gorila wa Grauer walikadiriwa kufika karibu 17,000. Makadirio ya mwaka 2021 yalikuwa 6,800. Vita vimechangia, lakini sababu nyingine mtu wa Kahama ataielewa haraka. Mama lishe wa machimbo ya Mwime au Kakola anapata dagaa wa ziwani na nyama ya ng'ombe, kwa sababu barabara ipo na bodaboda ipo. Machimbo mengi ya koltani, bati na dhahabu ya kule Kongo yamejificha ndani ya msitu, na unga wenyewe hufika mgongoni mwa mtu. Waliomo kwenye maduara wanataka kitoweo, na mwindaji anahesabu risasi: kima mmoja ni kilo chache, gorila ni kambi nzima. Tena dume hakimbii, anajitokeza mbele kulinda kundi, na hapo ndipo anapopigwa. Akishaanguka, kundi hutawanyika, na dume mgeni huweza kuua vichanga.

Gorila wa milimani, kwa upande wao, wanaongezeka. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2019 ziliwafikisha 1,063. Wana askari na madaktari wao, na mgeni hulipa dola 1,500 Rwanda kuwatazama saa moja. Mitego ya waya inayotegewa swala bado inawanasa wadogo. Julai 2012, siku chache baada ya mtego kumuua mmoja, wafanyakazi wa kituo cha utafiti cha Karisoke, Rwanda, waliwaona gorila wawili, Rwema na Dukore, wenye umri wa miaka minne hivi, wakiufikia mtego mwingine. Rwema alirukia tawi lililokunjwa akalivunja, Dukore akafungua kitanzi. Kisha wakaenda kuubomoa wa pili.