Wanachuo, Msiifungie Kemia Daftarini

Mwezi mmoja wa Julai, wakati baridi ya nyanda za juu inapopenya hadi kwenye mifupa, bawabu wa mtaa tuliokuwa tukiishi aliingiza jiko la makaa ndani ya kibanda chake, akafunga mlango, akaziba upenyo wa dirisha kwa gunia, akalala. Asubuhi hakuamka.

Wakati huo nilikuwa mwalimu wa kemia. Juma lile lile nilikuwa nimeandika ubaoni, mbele ya wanafunzi wapatao arobaini, kwamba makaa yanapoungua penye hewa tele hutoa dioksidi ya kaboni, na yanapoungua penye hewa haba hutoa monoksidi ya kaboni. Wanafunzi walinakili, kengele ikalia, nikafuta ubao. Jioni nilimpita yule mzee langoni akilipepea jiko lake. Tuliamkuana kama ilivyokuwa desturi yetu, akaniuliza hali ya watoto, nami nikaenda zangu. Sikumwambia neno.

Nimelibeba jambo hilo kwa miaka mingi, wala silisimulii leo ili nihurumiwe. Nalisimulia kwa kuwa kila mwaka maelfu ya vijana huingia katika vyuo vyetu vikuu, vyuo vya ualimu, vya uuguzi na vya kilimo, wakafundishwa utangulizi wa kemia, wakaufanyia mtihani, kisha wakauacha pale pale katika ukumbi wa mtihani kama mtu aachavyo mwavuli ndani ya matatu. Hapana anayewauliza wameupeleka wapi. Walimu wao, nami nikiwa mmoja wao, tumeridhika na alama.

Hebu tulitazame jiko lile. Mwanachuo wa muhula wa kwanza anajua kwamba tofauti ya gesi hizo mbili ni atomi moja tu ya oksijeni. Anajua pia, au atajua kabla ya mwaka kwisha, kwamba monoksidi ya kaboni hujishikiza katika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata damu ikawa inazunguka mwilini bila kubeba kile inachotakiwa kubeba. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mtu huumwa na kichwa, akalegea, akapatwa na usingizi, na usingizi huo ndio unaomzuia kuinuka akafungue mlango.

Lakini lipo jambo ambalo mitaani halijulikani, nalo ndilo linaloua. Watu wengi hudhani hatari imo katika moshi. Kwa hiyo huliwasha jiko nje, wakangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha wakaliingiza ndani kwa moyo mkunjufu. Kumbe makaa yaliyokolea, yasiyotoa hata uzi wa moshi, ndiyo yanayotoa gesi hiyo kwa wingi. Maneno hayo machache, yakisemwa na kijana anayeaminiwa nyumbani kwao, yana thamani kuliko kurasa kumi za hesabu za moli. Sizibezi hesabu za moli. Nimezisahihisha usiku mwingi mno kiasi cha kutothubutu kuzibeza.

Siku moja mwanafunzi wangu mmoja, msichana hodari, alinieleza jinsi nyanya yake alivyomwaibisha wakati wa likizo. Ajuza huyo alikuwa akitia magadi katika sufuria ya maharagwe, akamuuliza, "Mjukuu wangu, wewe uliyesoma, nieleze kwa nini magadi huyalainisha." Msichana akajibu kwamba hilo halimo katika silabasi. Nyanya akacheka, akaendelea kupika.

Ilhali limo! Magadi ni chumvi ya kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, yachimbwayo katika ziwa ambalo jina lake ndilo hilo hilo, kusini mwa Bonde la Ufa, na ambako kampuni ya kuyachimba iliasisiwa mwaka wa 1911. Yakiingia majini hufanya alkali, na alkali huivunja ile gundi inayoshikanisha seli za ganda la haragwe. Maharagwe yakaiva upesi na makaa yakaokolewa. Lakini alkali hiyo hiyo huharibu vitamini B1, na magadi ya Bonde la Ufa huwa yamechanganyika na floridi, ile ile inayowatia watoto wa sehemu za Nakuru na kwingineko madoa ya rangi ya kahawia menoni, pale ambapo maji ya visima hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Basi nyanya alistahili jibu lenye pande mbili: kwamba ujuzi wake ni wa kweli, na kwamba kidogo kinatosha. Kuloweka maharagwe usiku kucha kungemwezesha kupunguza hata hicho kidogo.

Tena kabeji ya zambarau ikichemshwa, maji yake hugeuka mekundu yakitiwa limau, na hugeuka kijani yakitiwa magadi. Shule isiyokuwa na maabara, na tunazo nyingi, inaweza kufundisha somo zima la asidi na besi kwa kabeji moja. Mwanachuo aliye likizoni anaweza kulifanya hilo uani, mbele ya wadogo zake, kwa gharama ya sokoni tu.

Wasomaji wa makamo wataukumbuka msiba wa Novemba 2000 katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi. Zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Misiba ya namna hiyo imerudi tena na tena tangu hapo. Katika kitabu cha utangulizi, methanoli na ethanoli hukaa ukurasa mmoja kama ndugu wa tumbo moja: hii ina atomi moja ya kaboni, ile ina mbili. Hii huchemka kwa nyuzi 65, ile kwa nyuzi 78, wala ulimi hauwezi kuzitenga. Tofauti yao huonekana ndani ya mwili. Ini huigeuza methanoli kuwa fomaldihaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa macho.

Madhara hayo hukawia. Mnywaji hulala na kuamka akidhani ni uchovu wa kawaida wa pombe, kumbe saa zinapita ambazo hospitali ingeweza kumwokoa. Anayeona ukungu machoni siku inayofuata kinywaji asingoje kesho. Ni wangapi katika vitongoji vyetu waliowahi kuambiwa hivyo na mtoto wao aliye chuoni? Nimewahi kuuliza swali hilo darasani, na mikono iliyoinuka niliihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui vya kutosha hata awafundishe wengine. Sikubaliani nao. Mwanzoni mwa karne ya 19 mama mmoja wa London, Jane Marcet, alikuwa akihudhuria mihadhara ya kemia ya Humphry Davy bila kuielewa vyema, mpaka alipozoea kuijadili nyumbani na rafiki. Kutokana na majadiliano hayo akaandika kitabu cha utangulizi kwa njia ya mazungumzo ya mwalimu na wasichana wawili, kikachapishwa mwaka wa 1806 bila jina lake. Nakala yake ilifika katika karakana ya mjalidi wa vitabu, ikasomwa na kijana mwanagenzi, mwana wa mhunzi, aitwaye Michael Faraday.

Faraday hakungoja kuwa bingwa. Alijiunga na chama cha vijana waliokuwa wakikutana jioni kusomeshana sayansi, na mwaka wa 1816 akawa anawahutubia wenzake juu ya kemia, wakati alikuwa msaidizi tu wa maabara. Ndiye aliyekuja kuwahutubia watoto juu ya mshumaa unaowaka, tangu mwali hadi hewa inayotoka puani mwao. Marcet mwenyewe hakuwa mwanakemia wa kazi. Alikuwa mwanafunzi aliyekataa kukaa kimya na kile kidogo alichokielewa.

Kikwazo kikubwa kwetu, naona, ni lugha. Kijana amefunzwa kemia kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Akiulizwa na mama yake huona maneno yamemkauka kinywani, akajitetea kwamba Kiswahili hakina istilahi. La hasha! Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Isitoshe, mama haulizi istilahi. Anataka kujua kwa nini asichanganye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na asidi ya kusafishia choo, na jibu ni kwamba mchanganyiko huo hutoa klorini, gesi ya sumu inayochoma mapafu. Sentensi hiyo haihitaji kamusi yoyote. Ninyi walimu wa vyuo, mpeni mwanafunzi zoezi moja kila muhula la kueleza somo kwa lugha ya kwao, kwa mtu asiyesoma kemia, kisha arudi aeleze aliulizwa nini. Maswali atakayorudi nayo yatawafundisha hata ninyi.

Jambo hili lina haraka zaidi sasa. Tangu kundi la kwanza la mtaala wa umilisi lilipoingia gredi ya 10 mwaka wa 2026, wanafunzi hugawanyika katika mikondo mitatu, na aliyeuchagua ule wa sanaa na michezo au wa sayansi za jamii huenda asiisome kemia tena maishani. Jiko, hata hivyo, atalitumia.

Natoa tahadhari moja kwa wale watakaoshika ushauri huu. Msifanye viinimacho. Kijana anayelipua vitu ili apigiwe makofi atawafunza wadogo zake kulipua vitu. Mahali ambapo hamjui, semeni hamjui, mkamwulize mwalimu, mrudi na jibu. Nyanya wa yule msichana angeridhika hata na hilo.

Bawabu aliyekuja baada ya yule marehemu alikuwa kijana. Siku yake ya kwanza nilikwenda kibandani, nikaing'oa kwa mkono wangu ile gunia iliyokuwa bado dirishani, nikakaa kitako nikamweleza. Alisikiliza, kisha akaniomba niseme tena polepole, kwa kuwa mke wake na watoto wawili walilala chumba kimoja na jiko huko kwao, naye alitaka awapigie simu usiku ule ule.