Ijue Seti ya Dramu (4): Haihati na Kazi ya Mguu wa Kushoto

Makala iliyopita ilimwacha msomaji kwenye snea, ngozi zimekazwa na stendi imesimama kati ya magoti. Kushoto kwake kuna jozi ya matoazi ambayo wapigaji wengi huifunga mwisho, tena kwa haraka, ilhali husikika karibu kila pigo la wimbo. Hiyo ndiyo haihati. Mkono na mguu huifanyia kazi kwa pamoja, na lawama nyingi zinazorushiwa matoazi yenyewe hustahili kwenda kwenye stendi iliyofungwa vibaya, au kwenye mguu uliolala.

Mguu ulitangulia mkono. Katika miaka ya 1920 wapiga dramu wa Marekani walikuwa na vibao viwili vilivyoungwa kwa bawaba upande wa kisigino, kila kimoja kina toazi dogo mbele. Mpigaji alikanyaga, matoazi yakagongana. Ikafuata stendi fupi isiyofika gotini, nayo ilikuwa ya kukanyaga tu kwa kuwa kuipiga kwa kijiti kulimtaka mtu ainame. Kuelekea mwisho wa muongo huo bomba la stendi likarefushwa, na matoazi yakapanda hadi kwenye usawa wa mikono.

Aliyeonyesha mabadiliko hayo yana faida gani ni Jo Jones, mpiga dramu wa bendi ya Count Basie iliyotoka Kansas City ikaingia New York mwaka 1936. Wenzake walishika mwendo kwa kuikanyaga ngoma ya besi kwa nguvu. Jones aliuhamishia mwendo huo kwenye haihati, akaacha matoazi yafunguke na kufumba chini ya kijiti, na bendi nzima ikawa nyepesi. Katika miaka ya 1940 Kenny Clarke aliuhamisha tena, safari hii hadi kwenye toazi kubwa la raidi. Haihati ikarudi kuwa ya mguu, ikigonga pigo la pili na la nne.

Tuingie kwenye ufungaji. Jozi ya kawaida ina kipenyo cha inchi 14, yaani sentimita 36 hivi, ingawa za inchi 13 na 15 zipo na zina wapenzi wake. Mara nyingi toazi zito hukaa chini na jepesi juu. Likiwa zito, la chini husaidia mlio wa mguu utoke wazi. Likiwa jepesi, la juu huitikia kijiti haraka. Kama alama zimefutika, yapime kwa mikono miwili, na tofauti utaihisi.

Panua miguu ya stendi mpaka bomba lisimame wima bila kuyumba, kisha weka toazi la chini kwenye kikalio chake, juu ya kipande cha sufi iliyoshindiliwa. Kwenye kikalio hicho kuna skrubu ndogo ambayo wengine hupiga miaka bila kuigusa. Kazi yake ni kuliinamisha toazi la chini kidogo upande mmoja. Bila mwinamo huo kingo mbili hukutana sawasawa pande zote, hewa ikanaswa katikati, na badala ya «chik» kali husikika mlio butu kama wa kizibo kilichozama chupani. Watengenezaji nao wamelishughulikia tatizo hilo: Paiste walitoa toazi la chini lenye ukingo wa mawimbi, na wengine hutoboa matundu ili hewa ipite. Kwa mwenye matoazi ya kawaida, mizunguko michache ya skrubu inatosha.

Toazi la juu hushikwa na klachi, kijibomba kinachobana ule ufito wa chuma unaopanda na kushuka pedali inapokanyagwa. Lishike toazi pamoja na klachi yake mikononi kabla ya kulipandisha. Juu na chini ya toazi kuna vipande vya sufi, na chini kabisa kuna nati. Sufi zikibanwa mno toazi hukosa pumzi, na likifunguliwa hulia kwa ufupi. Zikilegezwa mno linayumba na kuchelewa kufuata mguu. Liache licheze kidogo tu. Nati ya chini, kinyume chake, ikazwe kwelikweli, kwa maana hiyo ndiyo hulegea polepole kutokana na mtikisiko, mpaka katikati ya wimbo toazi la juu linadondoka juu ya mwenzake na mguu unabaki ukikanyaga hewa. Mpigaji anayetumia seti ya ukumbini au ya kanisani, iliyopitia mikono mingi, aanze na nati hiyo kabla hata ya kukalia kiti.

Sasa nafasi. Weka unyayo kwenye pedali, ukandamize kidogo, kaza klachi kwenye ufito, kisha achia. Pengo la upana wa kidole kimoja hadi viwili linawafaa wengi. Likizidi, mguu unasafiri mbali na «chik» inachelewa. Likipungua, haihati haifunguki vya kutosha. Kwenye stendi zenye springi inayorekebishika, ikaze kiasi cha toazi kurudi juu lenyewe mara tu mguu unapoinuka. Kuhusu kimo, shubiri moja hivi juu ya snea ni mwanzo mzuri kwa anayepishanisha mikono, maana ikishuka zaidi vijiti vitagombana. Billy Cobham alikwepa ugomvi huo kwa kuipiga haihati kwa mkono wa kushoto, bila kupishanisha.

Kwenye kupiga, kosa la wanaoanza ni kuyakandamiza matoazi kana kwamba yatakimbia. Mguu mwepesi unatoa sauti nono zaidi. Ncha ya kijiti juu ya toazi hutoa mlio mdogo na safi. Bega la kijiti kwenye ukingo hutoa mlio mnene. Ukiyaacha matoazi yaguse kidogo tu unapata ule mvumo unaosikika sana katika upigaji wa Ringo Starr. Katika «Funky Drummer» ya James Brown, iliyorekodiwa mwaka 1969, mkono wa Clyde Stubblefield unakwenda mfululizo bila pupa, na mguu unafungua matoazi kwa upenyo mdogo mahali palepale pachache, kisha unafumba. Asikilizaye kwa makini atagundua kwamba ladha yote ipo kwenye kule kufumba.

Afrika nayo ina walimu wake. Tony Allen, alipoanza kupiga jijini Lagos, aliona wenzake wengi wanaiacha haihati bila kazi. Alisoma gazetini somo la Max Roach kuhusu ala hiyo, akajifunza, na alipoungana na Fela Kuti mwaka 1964 mguu wake wa kushoto ulikuwa tayari na usemi wake. Kinshasa, ndani ya Zaiko Langa Langa iliyoanzishwa mwaka 1969, Meridjo Belobi alijenga mdundo wa kavacha ambao katika miaka ya 1970 uliziteka bendi za Nairobi na Dar es Salaam. Kavacha hukimbia kwenye snea au kwenye haihati iliyofumbwa, na kwa kasi ile klachi iliyolegea hujitangaza yenyewe.

Studioni kuna jambo moja dogo. Matoazi yanapofumba hutema upepo kutoka kwenye ukingo, na maikrofoni iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye pengo huunasa kama mfoko. Iwekwe juu ya toazi, ikitazama chini, mbali kidogo na snea.

Makala ijayo itahamia kulia, kwenye raidi.