Mikono Yako Si Mkanda

Je, mpenzi msomaji, hupanda matatu ukiwa umempakata mtoto ili usilipe nauli ya kiti cha pili? Wengi wetu hufanya hivyo. Mzazi hujiambia, "Nimemshika barabara, hawezi kuniponyoka." Hebu leo tupige hesabu.

Hesabu yenyewe hutokana na kanuni aliyoichapisha Mwingereza Isaac Newton mwaka 1687, na wanafunzi wa sekondari huijua kwa moyo. Chukua kilo za kitu, uzidishe kwa kiasi ambacho kasi yake inaongezeka au kupungua kila sekunde. Jibu ni nguvu inayohitajika, nayo hupimwa kwa nyutoni.

Tuseme mtoto wako wa chekechea ana kilo 20. Matatu inakwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kila sekunde. Mara inagonga lori na kusimama katika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Gawanya 20 kwa 0.1, upate 200. Zidisha kwa kilo 20 za mtoto: nyutoni 4,000!

Kushikilia kilo moja isianguke huhitaji karibu nyutoni 10. Kwa hivyo, ghafla bin vuu, unatakiwa kuzuia kilo 400. Hayo ni magunia manne ya mahindi ya kilo 90, na ziada juu. Ni mzazi gani mwenye mikono hiyo? Hata dereva akipunguza mwendo hadi nusu, bado yatabaki magunia mawili.

Wala usimfunge pamoja nawe kwa mkanda mmoja. Ukiwa na kilo 60, mwili wako nao utasukumwa mbele kwa nyutoni 12,000, na mtoto ndiye atakayekuwa katikati.

Mkanda umefungwa kwenye gari lenyewe, nao hauchoki wala haushtuki. Ndiyo maana tangu 2004 sheria iliyosimamiwa na waziri John Michuki ilidai kila kiti cha matatu kiwe nao.

Basi mlipie mwanao kiti chake, umfunge mkanda kabla hujajifunga wako. Ikiwa una gari na mtoto mchanga, mnunulie kiti cha watoto. Nauli utakayookoa leo ni shilingi chache tu. Mtoto hana bei.