Kahawa Nzuri Nyumbani kwa Birika la Kifaransa

Siku moja walitufikia ofisini wageni waliokuja kutazama karafuu zetu. Tulikuwa tumepewa zawadi ya birika la kioo, lile lenye kichujio cha kusukumwa kwa mkono, ambalo watu huliita birika la Kifaransa. Tukaona leo ndiyo siku yake. Tukatia unga wetu laini wa siku zote, tukamimina maji yanayotokota, tukafunika, tukasukuma. Kichujio kikakwama katikati. Tulipotia nguvu kahawa iliruka juu, ikatuunguza mkono na kurowesha daftari la mizani. Iliyobaki tuliwapa wageni, nayo ilikuwa tope tupu. Walisema ahsante, lakini vikombe vilirudi vimejaa nusu.

Tangu siku ile tumejifunza, na twaona yafaa kuwapa wenzetu tuliyojifunza.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Mwaka 1852 Mayer na Delforge wa Paris walipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hii, na mwaka 1929 Attilio Calimani na Giulio Moneta wa Milan, Italia, wakatengeneza kilicho bora zaidi. Kazi yake si sawa na ya mdila. Katika mdila unga laini huchemshwa pamoja na maji, kisha hutulia chini. Katika birika hili kahawa haichemshwi. Hurowekwa tu katika maji ya moto, kisha kichujio cha wavu huisukumia chini. Kwa hivyo unga laini haufai. Mwingine hupenya ukawa tope, na mwingine huziba matundu, na hapo ndipo kichujio kinapokwama.

Basi fanya hivi.

Buni. Nunua iliyokaangwa karibuni, uiweke katika mkebe uliofungwa vizuri, nawe utwange ya siku ile tu, maana kahawa iliyokwisha twangwa hupoteza harufu yake upesi. Ya Kilimanjaro ni arabika, laini kinywani. Ya Kagera nyingi ni robusta, kali na chungu zaidi. Twanga mpaka chembe ziwe kama mchanga mnene, kisha chekecha. Unga unaopita katika chekecheo usiutupe, uwekee mdila.

Kipimo. Kwa nusu lita ya maji tia gramu 30 za kahawa, yaani kama vijiko 6 vya mezani visivyofurika. Apendaye iliki na aiponde aichanganye hapa. Karafuu moja nayo yatosha.

Maji. Suuza birika kwa maji ya moto kwanza ili lipate joto. Maji yakichemka yaepue, ungoje nusu dakika, ndipo umimine. Koroga, funika bila ya kusukuma, ungoje dakika 4 kwa saa.

Kusukuma. Sukuma polepole, kwa uzito wa kiganja tu. Ukiona kichujio kinakataa usishindane nacho. Kivute juu kidogo, kisha uanze tena. Mimina kahawa yote mara moja, kwani inayobaki juu ya machicha huzidi kuwa chungu. Funda la mwisho liache birikani.

Kuosha. Fungua kichujio, utenge wavu wake, uoshe kila kipande. Mafuta ya kahawa yakiganda humo huharibika, nayo huharibu kahawa ya kesho.

Jambo moja la afya: kahawa ya birika hili, kama ile ya kuchemsha, hubaki na mafuta yanayoweza kuongeza lehemu katika damu. Aliyeonywa na daktari juu ya lehemu ni bora achuje kahawa yake kwa karatasi.

Hatusemi mdila utupwe; baraza bila ya mdila si baraza. Twasema kila chombo kina adabu yake. Nasi wakulima wa karafuu ndio wa kwanza kulielewa neno hili. Karafuu ya shamba moja, mkarafuu mmoja, ikianikwa vizuri juani hupata bei. Ikilundikwa mbichi huvunda, na mpimaji hasikii kwamba ilichumwa kwa jasho. Mwenzetu wa Kilimanjaro naye huchuma kahawa yake kwa mkono, tunda baada ya tunda, akiacha lisiloiva. Kazi yake yote humalizikia jikoni kwetu. Tusiwe sisi mkono wa mwisho unaoiharibu.

Wageni wale wakirudi msimu ujao, inshallah, birika litakuwa tayari, na daftari la mizani tutaliweka mbali. Twataraji safari hii vikombe vitarudi vitupu.