Kioo Halisi, Simu Halisi, na Bado Havielewani

Kioo kilitoka kwenye iPhone 11 iliyoingia maji ikafa bodi. Kikafungwa kwenye iPhone 11 nyingine iliyoanguka na kupasuka. Toleo ni moja, kampuni ni moja, na hakuna kopi yoyote iliyopenya hapo katikati. Simu ikawaka, picha zikatoka safi, tachi ikaitika kila pembe. Kisha likatokea tangazo: simu imeshindwa kuthibitisha kwamba kioo hiki ni halisi.

Nililiona tangazo hilo kwenye meza ya fundi simu mmoja wa Tandika, wilayani Temeke, nilikokuwa nimekwenda kwa shughuli nyingine kabisa, na tangu hapo halijanitoka kichwani. Kitu halisi kinakataliwaje na kitu halisi mwenzake? Na aliyeilipia simu ile, kama hana kauli hata juu ya kioo chake, amenunua nini hasa?

Mwenye simu ni dada anayeuza vitenge kwa WhatsApp. Tangazo halimzuii kupiga simu wala kutuma picha za mzigo mpya. Linamuumiza kwingine. Mnunuzi wa simu ya mtumba Dar es Salaam hatoshwi na kuitazama kwa nje. Huingia kwenye mipangilio akapekua, na akikuta kioo kimeandikwa kuwa hakijulikani, bei inashuka papo hapo. Dada alilijua hilo vizuri. Simu ndiyo akiba yake.

"Dada, nipe mpaka jioni," fundi akamwambia. "Nitahamisha ile chipu."

Nikaomba kukaa nione. Nyuma ya kioo cha simu hizi kuna utepe mwembamba unaobeba waya, mafundi wanauita fleksi, na juu ya fleksi kuna chipu ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umeipoteza. Chipu hiyo ndiyo inayobeba utambulisho wa kioo. Simu imefunzwa tangu kiwandani kuutambua huo na si mwingine. Ukileta kioo chenye chipu nyingine, hata kama kimetoka kwenye simu pacha, tangazo linakuja. Dawa ya mafundi ni kuichukua chipu ya kioo kilichopasuka na kuipandikiza kwenye kioo kizima.

Akakilaza kile kilichopasuka kifudifudi chini ya hadubini. Akaondoa kifuniko cheusi kwa ncha ya wembe, akavifunika vifaa vya jirani kwa utepe usioungua, akadondosha flaksi kidogo. Bloa ikaanza kupuliza. Hapo hakuna kukimbia: joto likipungua chipu haing'oki, likizidi fleksi inavimba na kioo hakifai tena. Alikuwa anazungusha mdomo wa bloa taratibu huku kibano kikisubiri katika mkono wa kushoto, na mimi sikuthubutu kuegemea meza. Risasi ilipolainika, akainyanyua chipu mara moja, bila kuitingisha. Akaisafisha chini, akaipandia risasi mpya tone kwa tone. Halafu akarudia kazi yote kwenye kioo cha pili: akatoa chipu iliyokuwapo, akasawazisha vituo vyake, akaiweka ile ya kwanza huku akifuata alama ndogo inayoonyesha upande wa kuanzia. Ikikaa kinyume, kazi imeharibika. Akapuliza tena, akaacha ipoe, akapima kwa mita kama hakuna shoti. Ndipo akaunganisha.

Simu ikawaka. Tangazo halikuja.

"Unajua sijatengeneza kitu mchana huu?" akaniuliza akijipangusa jasho. "Simu ilikuwa imeshapona asubuhi. Mchana wote nimeutumia kuishawishi ikubali kwamba imepona."

Hataki jina lake liandikwe, na sababu nitaifikia. Amekuwa kwenye kazi hii tangu enzi za simu za vitufe, zile ambazo mtu alifungua mfuniko kwa ukucha na kubadilisha betri mwenyewe akiwa ndani ya daladala. Anaikumbuka historia ya kazi yake kwa makufuli. La kwanza lilikuwa skrubu: mwaka 2011 mafundi wa dunia nzima waliikuta iPhone 4 imefungwa kwa skrubu za pembe tano ambazo bisibisi za kawaida haziziwezi. Hazikumsumbua muda mrefu, kwani bisibisi yake ilifika Kariakoo. La pili ni gundi, na gundi inashindwa na joto. Ila hili la tatu liko ndani ya programu. Halina tundu la kuingiza bisibisi.

"Ukibadilisha tairi la baiskeli, baiskeli haikuulizi tairi umelitoa wapi," anasema. "Hii inauliza. Na jibu analo mtu aliye Marekani."

Wenzetu wameanza kulisemea. Machi 2024 jimbo la Oregon, huko huko Marekani, lilipitisha sheria inayopiga marufuku kukifungia kipuri kwenye simu moja kwa programu, kwa vifaa vipya. Umoja wa Ulaya tangu Juni 2025 unawabana watengenezaji wa simu wawe na vipuri kwa miaka 7 baada ya toleo kuacha kuuzwa, na kuanzia Februari 2027 unataka betri za vifaa vingi vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Apple nao walianza kuuza vipuri na miongozo kwa wateja wa Marekani Aprili 2022, kisha Ulaya. Fundi wa Tandika anayasikia haya kupitia video za mafundi wa nje. Kwake hayajabadilisha kitu.

Hapa nyumbani, dola inamfahamu fundi simu kwa njia moja zaidi ya nyingine zote: kama mtu wa kutiliwa shaka. Tunakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia na nchi nzima ikajifunza kubonyeza *#06# na kutuma namba ya utambulisho wa simu kwenda 15090. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kubadilisha namba hiyo, na ni haki ikatazwe. Fundi mwenyewe anaiunga mkono. Lakini anasema tangu hapo kila mwenye bloa anaonekana mshirika wa kibaka, na ndiyo sababu hataki jina gazetini.

Hakunificha upande wa pili. Mtu akija na simu iliyofungwa na akaunti ya mtu mwingine, anadai risiti au boksi, asipopewa, anairudisha. Je, kila meza Tandika inafanya hivyo? "Hapana," akajibu, bila kuzunguka. Na ile iPhone iliyoingia maji, aliyoinunua kama skrepa, ana hakika gani ilikuwa ya nani? Aliniambia aliyemuuzia alizima akaunti mbele yake. Namwamini. Msomaji ana ruhusa ya kutokuamini.

Watengenezaji huitumia hofu hiyo hiyo ya wizi kutetea kufuli lao. Ila Aprili 2024 Apple wenyewe walitangaza kwamba kwa baadhi ya matoleo yao wataruhusu vipuri halisi vilivyotumika viwekwe na kusawazishwa, na kwamba vitakavyozuiwa ni vile vilivyotoka kwenye simu iliyofungwa au kuripotiwa kupotea. Kumbe mwizi anaweza kuzuiwa bila kumzuia dada wa vitenge. Basi kwa nini miaka yote hiyo walizuiwa wote wawili?

Pale Chang'ombe, si mbali na meza yake, kipo chuo cha VETA. Mafunzo anaweza kuyapata. Asichoweza kupata kwa njia iliyonyooka ni kipuri chenye dhamana, ramani ya bodi na programu ya kuoanisha kioo na simu. Hivyo vitatu ndivyo angeviomba, na anataka kuvilipia. Yuko tayari hata kuandika namba yake ya NIDA kwenye kila kazi anayoikabidhi.

Nikamtajia Tume ya Ushindani, ambayo Sheria ya Ushindani ya 2003 imeikabidhi pia kazi ya kumlinda mlaji, na baraza la watumiaji wa mawasiliano, TCRA-CCC. Alisikiliza huku akifunga skrubu za mwisho, zile zile za pembe tano.

"Sawa, niwaandikie," akasema. "Na wao wakiandika kule Marekani, kule wanajibiwa?"