Somo la Pili la Mwanajiolojia: Maswali ya Ardhi ya Likoni

Jiolojia, yaani elimu ya miamba, madini na historia ya dunia iliyohifadhiwa katika tabaka zake, hueleza jinsi mwamba ulivyoumbwa na umri wake, lakini haitoshi kueleza kama maji yaliyomo ndani ya mwamba huo yanafaa kunywewa, kama nyumba itakayojengwa juu yake itasimama, wala ni nani mwenye haki ya kuuchimba. Kwa sababu hiyo, kijana wa Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, aliyepangiwa na KUCCPS, shirika la Kenya linalogawa nafasi za vyuo, kusoma shahada ya jiolojia hukabiliwa mapema na uamuzi mwingine, nao ni somo gani aliandamanishe na hilo la kwanza. Ushauri anaopewa mara nyingi ni afuate ajira zilizopo, ilhali ajira hizo huweza kubadilika kabla miaka minne ya shahada haijaisha. Kigezo imara zaidi ni kuitazama ardhi atakayokuja kuifanyia kazi na kutafuta swali ambalo mwamba peke yake haulijibu.

Likoni imekalia jabali la matumbawe, yaani chokaa iliyojengwa na viumbe vya baharini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Kuelekea bara jabali hilo hupakana na michanga, na upande wa Changamwe na Port Reitz hutokeza mwamba laini wa matope yaliyogandamana tangu zama za Jurasi, zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Mbele zaidi huanza mawe ya mchanga ya Mazeras na Mariakani. Katika safari fupi ya matatu mtu huvuka aina kadhaa za ardhi, na kila aina huhitaji mwenzi wake wa kitaaluma.

Swali kubwa kuliko yote upande wa Likoni ni la maji. Sehemu ya maji ya mfereji yanayotumika huko hutoka katika visima virefu vya Tiwi, kaunti ya Kwale, na pale mfereji unapokauka wakazi hurejea kwenye visima vya mitaani vilivyochimbwa katika matumbawe. Maji matamu yaliyo chini ya pwani hayakukalia sakafu ya jiwe, bali yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya maji matamu ina uzito wa kilo 1,000 hivi na ya maji ya bahari kilo 1,025. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, walionyesha kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji matamu yaliyo chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ina upande wake wa kutisha, kwani pampu ikiushusha uso wa maji kwa nusu mita tu na kuuacha hapo, mpaka wa maji ya chumvi unaweza kupanda hadi mita 20. Wachimbaji visima wa pwani wanalijua jambo hili kwa uzoefu, wakionya kwamba kisima kikizidishwa kina kitatoa maji ya chumvi, na mwanajiolojia asiye na fizikia na hisabati hana cha kuongeza juu ya ujuzi wao.

Kemia nayo inahitajika papo hapo. Jabali la matumbawe lina matundu na mifereji inayopitisha maji kwa kasi, hivyo uchafu wa choo cha shimo huweza kufika kisimani kabla mchanga au udongo haujapata nafasi ya kuuchuja, na kiwango cha naitreti, chumvi inayozalishwa taka za binadamu zinapooza, huwa mojawapo ya dalili za mwingiliano huo. Mtaalamu anayejua mkondo wa maji, akaweza pia kusoma matokeo ya maabara na kuelewa jinsi kipindupindu kinavyoenea, ana manufaa makubwa Likoni kuliko aliyebobea katika jina la kila kisukuku kilichomo ndani ya jabali. Kwa mizani hii, kemia ya maji ikiandamana na misingi ya afya ya umma ndiyo somo la pili linalostahili kupewa nafasi ya kwanza.

Uchimbaji madini huvutia macho zaidi. Mgodi wa Base Titanium uliokuwa Kwale, yapata kilomita 50 kutoka Mombasa, ulichimba michanga yenye ilmenaiti, rutaili na zirkoni, madini yaliyotenganishwa kwa uzito, kwa sumaku na kwa umeme tuli, kisha yakapakiwa melini katika gati lililojengwa Likoni. Shehena ya kwanza iliondoka mapema mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024, muda ambao mtoto aliyeanza darasa la kwanza hakuwa amefika chuo kikuu. Mwanajiolojia aliyejifungia katika kukadiria akiba ya madini alibaki bila mgodi, lakini aliyejifunza sayansi ya udongo na mimea ana kazi ya kurudisha rutuba na uoto, kazi ambayo huendelea hata baada ya mitambo kuondolewa.

Kwa upande wa Changamwe, na kando ya barabara ya Dongo Kundu yenye madaraja ya Mwache na Mteza, mwenzi anayefaa ni uhandisi wa ujenzi, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi utokanao na miamba ya matope huelekea kuvimba ukilowa na kunywea ukikauka, hata ukapasua kuta.

Sheria huhitajika pia. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha, yaani malipo ya mchimbaji kwa mwenye rasilimali, asilimia 70 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali penye mgodi. Na kesi ya wakazi wa Owino Uhuru, kijiji cha upande wa Mikindani kilichoathiriwa na risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, ilionyesha jinsi vipimo vya udongo na damu vinavyoweza kugeuka ushahidi mahakamani. Hata hivyo, sheria hufaa zaidi kusomwa baada ya shahada ya kwanza, mtu akiwa ameshajua ushahidi wa ardhini unavyokusanywa.

Takwimu na mifumo ya taarifa za kijiografia, yaani programu za kuchora na kuchanganua ramani, hazipaswi kuhesabiwa kuwa chaguo, kwani kila njia iliyotajwa inazihitaji. Mwanafunzi anayetaka kuujaribu uamuzi wake anaweza, katika mradi wa mwaka wa nne, kuchagua visima 20 kati ya Mtongwe na Shelly Beach, akapima uwezo wa maji yake kupitisha umeme, kipimo chepesi cha chumvi, kabla ya masika na baada yake. Ramani atakayoichora itamwonyesha ni visima vipi vinavyoingiliwa na bahari, na maswali atakayoshindwa kuyajibu mbele ya wenye visima yatamwonyesha somo alilolikosa.