Goti la Mkimbiaji na Kani Zinazolielemea

Miongoni mwa viungo vyote vya mwili wa binadamu, goti ndilo linalolaumiwa zaidi na watu wanaokimbia kwa ajili ya afya na burudani. Karani au mwalimu anayejiandaa kwa mbio za Kilimanjaro, ambazo zilianzishwa Moshi mwaka 2003, huanza mazoezi kwa ari kubwa. Baada ya majuma machache huhisi maumivu nyuma ya pia ya goti, hasa anaposhuka ngazi au anapoinuka baada ya kukaa kitako kwa muda mrefu. Wenzake humwambia kwamba goti lake limeisha mafuta. Mmoja humshauri aache kukimbia kabla hajaliharibu kabisa; mwingine humshauri anywe maji ya bamia ili ute urudi. Mashauri yote mawili yametokana na fikra moja, kwamba goti ni mtambo unaolika kadiri unavyotumiwa. Fikra hiyo haipatani na maumbile ya goti lenyewe.

Yafaa kuanza na huo ute. Hutengenezwa na utando laini uliotanda ndani ya kiungo, na katika goti zima la mtu mwenye afya kiasi chake ni mililita chache tu. Goti lililovimba kwa kawaida huwa na majimaji mengi zaidi, wala si pungufu. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake ukishaingia tumboni hauna njia ya kufika gotini.

Gegedu, yaani tabaka jeupe na laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutokana na ute: likikandamizwa hutoa majimaji, likiachiwa huyafyonza tena, mfano wa sifongo. Kwa hiyo kiungo kisichotumiwa hulinyima gegedu chakula chake. Zaidi ya hayo, gegedu halina mishipa ya fahamu, na haliwezi kuuma. Kinachouma ni tishu zilizo jirani nalo: mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo, na kifuko kidogo cha mafuta kilicho chini ya pia ya goti, ambacho ni miongoni mwa sehemu zenye hisi kali sana. Naam, goti lina mafuta, na mara nyingine hayo mafuta ndiyo yanayouma! Ndiyo sababu picha ya eksirei ya mkimbiaji anayelalamika mara nyingi haionyeshi kasoro yoyote.

Je, tishu hizo huelemewaje? Hapa mwanafunzi wa fizikia atakutana na mambo anayoyafahamu, kwani goti ni wenzo na pia ya goti ni kapi. Chukua mtu wa kilo 60, ambaye uzito wake ni kama nyutoni 600, akiwa amesimama kwa mguu mmoja huku amekunja goti. Tuseme mstari wa uzito wake unapita sentimita 15 nyuma ya goti, na kano iliyo chini ya pia imo sentimita 5 mbele ya egemeo. Ili asianguke, kano hiyo haina budi kuvuta kwa kani ya 600 × 15 ÷ 5, yaani nyutoni 1,800. Misuli ya mbele ya paja huivuta pia kwenda juu, na kano huivuta kwenda chini. Kama kani hizo mbili ni sawa, mchoro wa msambamba wa kani utaonyesha kwamba goti lililonyooka halikandamizi pia hata kidogo, ilhali goti lililokunjwa kwa nyuzi 60 huikandamiza kwenye fupa la paja kwa nyutoni 1,800 zilezile, mara tatu ya uzito wa mwili. Katika kukimbia ardhi husukuma mguu kwa kani inayozidi mara mbili ya uzito, na mkandamizo wa pia hukadiriwa kuwa mara nne hadi sita ya uzito. Mtu mwenye hatua ya mita moja, akikimbia kilometa 10, hulitwisha kila goti mzigo huo mara 5,000.

Hesabu hiyo isimtishe msomaji. Mfupa, kano na misuli ni tishu hai, nazo hujiimarisha kwa kadiri ya kazi zinayopewa, ila hufanya hivyo polepole. Moyo na mapafu huzoea mazoezi katika majuma machache. Kano huhitaji miezi. Mkimbiaji mpya hudanganywa na pumzi yake: huona anaweza kwenda mbali zaidi, naye huenda, huku goti lingali nyuma. Mteremko huzidisha hatari, kwa sababu anayeshuka hutumia misuli ya paja kama breki huku goti limekunjwa. Katika mbio za nusu marathoni za Moshi, njia hupanda kuelekea Mweka kisha hurudi kwa kuteremka, na wengi huumia wakati wa kurudi, wakidhani kwamba kazi ngumu imekwisha.

Kuhusu hofu ya kulimaliza goti, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kulika kwa viungo vya nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wakimbiaji wa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya watu wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Takwimu hizi hazithibitishi kwamba kukimbia ni kinga, maana huenda wenye magoti mabovu waliacha mapema. Hata hivyo, haziwaungi mkono wanaodai kwamba kukimbia kwa kiasi huharibu goti.

Basi mwenye maumivu ya mbele ya goti hana haja ya kulala kitandani. Apunguze mwendo, na aanze kwa kuiacha miteremko. Njia rahisi ya kujipima ni kuyapa maumivu alama kutoka 0 hadi 10: yasipozidi 3 wakati wa kukimbia, na yakiwa yametulia kufikia asubuhi ya pili, mzigo huo unavumilika. Hatua fupi nazo husaidia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison, Marekani, walionyesha kwamba mkimbiaji akiongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, bila kubadili kasi, mzigo wa goti hupungua waziwazi. Anayepiga hatua 160 ajaribu 170. Jambo hili laweza kujaribiwa katika uwanja wa shule kwa saa ya mkononi tu.

Dawa yenyewe hasa ni kuimarisha misuli ya paja na ya nyonga: kuegemea ukuta kwa mkao wa kiti kisichokuwepo, kushuka polepole kutoka kidato kimoja cha ngazi, na kulala ubavu huku ukiinua mguu wa juu. Hufanywa mara tatu kwa juma, na matokeo hutarajiwa baada ya majuma sita hadi kumi na mawili. Wengi huacha katika juma la pili. Vidonge vya kutuliza maumivu haviongezi nguvu ya tishu, na kumeza vya jamii ya ibuprofeni kabla ya mbio ndefu za jua kali kwaweza kudhuru figo.

Vijana wa shule wana habari yao. Kati ya umri wa miaka 10 na 15, kano ya goti hushikilia sehemu ya mfupa wa muundi ambayo bado inakua, na kwa wanaocheza sana sehemu hiyo huvimba na kuuma ikiguswa. Mwaka 1903 Robert Osgood wa Boston na Carl Schlatter wa Zurich waliieleza hali hiyo, kila mmoja kivyake. Huisha yenyewe mifupa ikomaapo, nayo huhitaji kupunguziwa michezo tu. Lakini maumivu yanayomwamsha kijana usiku, au uvimbe unaoendelea kukua, hayatokani na mazoezi mpaka daktari aseme hivyo: saratani ya mfupa ya vijana, ingawa ni adimu, huanzia mara nyingi karibu na goti. Na mwanafunzi anayechechemea akilalamikia goti, ilhali goti lenyewe halina kasoro, huenda ameteguka kichwa cha fupa la paja kwenye nyonga, kwani nyonga na goti hushirikiana mishipa ya fahamu. Huyo asilazimishwe kukimbia mchakamchaka wala kutembea. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na nyonga nayo ipigwe picha.